Sura ya kiini cha seli katika saratani ya matiti: ni chanzo, au ni kivuli tu?

FundiMaabara aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamoo kwa wakubwa.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya histolojia katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Kazi yangu huanza pale kipande cha tishu kinapoletwa ndani ya chupa ya fomalini, na huishia pale slaidi iliyokwisha kutiwa rangi inapowekwa kwenye trei ya daktari wa patholojia. Katikati ya hapo kuna alkoholi, zailini, nta, kisu cha mikrotomu, na lile beseni la maji ya uvuguvugu ambamo utepe wa nta huelea mpaka ukunjuke, nami nikauvua kwa kioo kabla haujararuka. Kusoma slaidi si kazi yangu, na kwa muda mrefu sikuwahi kujiuliza daktari anaona nini hasa.

Wiki iliyopita alinikaribisha kwenye hadubini ya vichwa viwili, tukatazama slaidi mbili za matiti nilizozikata mwenyewe. Katika ya kwanza, ambayo haikuwa na saratani, seli zilikuwa zimejipanga safu mbili kuzunguka tundu dogo, na viini vyake vilikuwa vidogo, vya mviringo, vinavyofanana kama punje za mtama uliopepetwa. Katika ya pili hapakuwa na tundu wala safu. Viini vilikuwa vikubwa, vingine mara tatu ya jirani zake, kingo zimebonyea na kujikunja, rangi ya hematoksilini imeganda kwa mabaka badala ya kutandaa, na nukleoli, yale madoa madogo ya ndani ya kiini, zilionekana hata kabla hatujaongeza ukuzaji. Daktari akaandika "viini: alama 3", akahamia slaidi nyingine. Hakuwa na muda wa maswali yangu, kwa sababu trei ilikuwa imejaa, ndiyo maana nimekuja hapa.

Shuleni tulifundishwa kwamba seli zote za mwili wa mtu zina DNA ileile, na kwamba saratani hutokana na mabadiliko ndani ya DNA hiyo. Kama ndivyo, sura ya chombo kinachoihifadhi ina uzito gani? Je, kiini kuharibika umbo ni sehemu ya chanzo cha saratani, au ni kivuli tu cha mambo yaliyokwisha kutokea kwingine? Na kwa nini seli ya kwenye titi lisilo na saratani ijipange kuzunguka tundu, halafu mpangilio huo utoweke sambamba na kuharibika kwa viini? Nina hisia kwamba mambo haya mawili yana uhusiano, lakini siwezi kuueleza.

---

PatholojiaWaZamani alijibu:

Marahaba, na hongera kwa kuuliza. Mafundi wengi huzeeka kwenye mikrotomu bila kualikwa kwenye hadubini, na lawama hiyo ni yetu sisi madaktari.

Nianze na kile alichokiandika mwenzangu. Alama uliyoiona ni moja kati ya tatu zinazounda daraja la uvimbe. Msingi wa utaratibu huu uliwekwa Uingereza na Bloom na Richardson mwaka 1957, kisha Elston na Ellis wa Nottingham wakaunyoosha mwaka 1991, na ndio tunaoutumia hadi leo karibu kila mahali. Tunatazama kwanza ni sehemu gani ya uvimbe ambayo bado inaunda vijitundu kama ulivyoviona kwenye slaidi ya kwanza: zaidi ya asilimia 75 hupewa alama 1, kati ya 10 na 75 alama 2, chini ya 10 alama 3. Pili tunatazama viini: vinafanana na vya seli ya kawaida, vimebadilika kiasi, au vimetofautiana sana kwa ukubwa na umbo. Tatu tunahesabu seli zilizokamatwa zikiwa katikati ya kugawanyika, katika idadi maalumu ya nyuga za hadubini. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, ya 6 na 7 ni daraja la 2, ya 8 na 9 ni daraja la 3.

Tazama vizuri utaona kwamba alama mbili kati ya hizo zinahusu kiini moja kwa moja, na iliyobaki inahusu mpangilio wa tishu. Yaani waliobuni utaratibu huu walikwisha kuyaweka kwenye mizani moja mambo mawili unayoyahisi kuwa yana uhusiano, miaka mingi kabla ya yeyote kueleza yanaunganishwaje. Waliongozwa na jambo moja tu: wagonjwa wenye alama za juu walikuwa wakifariki mapema zaidi.

Nikuonye jambo moja la kazini, kwa sababu wewe ndiye unayelishika mkononi. Sio kila kiini kilichoharibika sura kimeharibiwa na saratani. Kipande kikikaa saa nyingi mezani kabla ya kutiwa fomalini, viini husinyaa na kuwa vyeusi, na seli zinazogawanyika huwa ngumu kuzitambua, hata daraja likashuka bila haki. Kinachopendekezwa kwa titi ni kipande kuingia fomalini ndani ya saa 1 tangu kikatwe, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72, na fomalini iwe kama mara 10 ya ujazo wa tishu. Uvimbe mkubwa sharti upasuliwe kwanza, la sivyo fomalini hukaanga juu na katikati pakaoza. Nimewahi kuletewa titi zima limeshindiliwa kwenye ndoo, fomalini imefika nusu. Viini nilivyoviona siku hiyo vilikuwa kiinimacho kitupu.

Maswali yako ya chanzo na kivuli nawaachia wanaofanya kazi na seli hai. Mimi huziona zikiwa zimekwisha kufa.

---

SeliNaTishu alijibu:

Daktari ameniachia mlango wazi, basi niingie. Nimefundisha baiolojia ya seli chuoni kwa miaka kadhaa, na swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Ukiinyoosha DNA ya seli moja ya binadamu, urefu wake hufika kama mita 2, nayo imekunjwa ndani ya kiini ambacho upana wake hauzidi sana mikromita 10. Mkunjo huo hauna fujo. Kila kromosomu ina eneo lake ndani ya kiini, na maeneo hayo hayagawiwi ovyo. Mfano unaopendwa ni wa kromosomu ya 18 na ya 19, ambazo hazipishani sana kwa ukubwa: ya 18, yenye jeni chache, hupendelea kukaa pembeni karibu na ukuta wa kiini, na ya 19, iliyojaa jeni, hukaa ndani zaidi. Sehemu za DNA zilizofungwa na kunyamazishwa mara nyingi huegemea ukutani, na ndizo zinazoshika hematoksilini kwa weusi. Fikiria duka la jumla sokoni: magunia yasiyoguswa yamepangwa ukutani, na bidhaa zinazotoka kila saa ziko karibu na kaunta. Mali ni ileile katika kila tawi la duka hilo, lakini tawi la mjini na la kijijini hayauzi vitu vilevile, na ukiingia tu mpangilio unakuonyesha uko wapi. Seli ya titi na seli ya ini zina DNA moja. Kinachozitofautisha ni kipi kimefunguliwa na kipi kimefungwa.

Wewe mwenyewe umewahi kuuona mpangilio huu pengine bila kujua. Mwaka 1949, nchini Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram waligundua doa jeusi kwenye viini vya neva za paka jike ambalo halikuwapo kwa paka dume. Baadaye ilibainika kwamba ni kromosomu X moja kati ya mbili za jike, iliyofungwa ikanyamazishwa. Doa hilo limo pia katika seli za wanawake, na katika baadhi ya saratani za matiti halionekani tena. Hapo tayari una mpangilio wa kiini unaoonekana kwa hadubini ya kawaida na unaobadilika pamoja na ugonjwa.

Sasa titi lenyewe. Viungo vingi hukamilika kabla mtoto hajazaliwa, lakini titi husubiri. Mirija yake hurefuka na kutawanyika msichana anapobalehe, na vifuko vya kutengeneza maziwa hukomaa wakati wa ujauzito, kisha baada ya kuachisha kunyonyesha vingi hufa na kuondolewa, na ujauzito mwingine ukija mambo huanza upya. Safu mbili ulizoziona ni seli za ndani zinazotazama tundu, ambazo ndizo hutoa maziwa, na seli za nje zenye uwezo wa kujikaza kama misuli ili kuyasukuma. Zote zimezungukwa na utando wa msingi, ambao ni kama mkeka mwembamba wa protini, na mojawapo ya protini zake kuu huitwa laminini. (Msiichanganye na lamini, ambayo nitaitaja baadaye na ambayo hukaa ndani ya kiini. Aliyezipa majina haya hakuwahurumia wanafunzi.)

Mkeka huu sio wa kukalia tu. Ukichukua seli za titi la panya aliye na mimba, ukazitandaza kwenye sahani tupu ya plastiki, huacha kutengeneza protini za maziwa, hata ukiwamiminia homoni ya prolaktini. Zinajilaza bapa na kusahau kazi yake. Ukizirudishia utando wenye laminini, hujikusanya tena kuwa kifuko chenye tundu, na prolaktini hiyohiyo sasa husikika, na jeni ya kaseini, mojawapo ya protini hizo za maziwa, hufunguka. DNA haijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni umbo la seli na kile inachogusa.

Aliyeshikilia jambo hili kwa ukaidi kuliko wote ni Mina Bissell, mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi maisha yake katika maabara ya taifa ya Berkeley, California. Mwaka 1982, akiwa na Glenn Hall na Gordon Parry, alipendekeza kwamba utando huo ulio nje ya seli unazungumza na kiini kupitia mifupa ya ndani ya seli, na kwamba kiini nacho hujibu. Wakati ule mawazo ya wengi yalikuwa kwenye jeni za saratani, na pendekezo hilo lilionekana la pembeni. Leo mlolongo wenyewe tunaujua kwa kiasi kizuri: protini za integrini zinashika utando wa nje, upande wa ndani zimefungwa kwenye nyuzi za aktini, nyuzi hizo zinafika kwenye protini za nesprini na SUN zinazopenya ukuta wa kiini, na hizo zinashikana na wavu wa lamini uliotandikwa ndani ya ukuta huo, ambao ndio DNA iliyonyamazishwa inauegemea. Ukivuta huku, kule kunatikisika.

Nije kwenye jaribio linalojibu swali lako la pili na la tatu kwa pamoja. Ipo nasaba ya seli za titi lisilo na saratani inayoitwa S1, iliyoanzishwa Denmark. Zikipandwa ndani ya ute wenye laminini nyingi, baada ya siku 10 hivi huacha kugawanyika na kuunda vifuko vidogo vyenye tundu, vinavyofanana sana na ulichokiona kwenye slaidi ya kwanza. Sophie Lelièvre, akiwa kwenye maabara ya Bissell, alifuatilia ndani ya viini hivyo protini iitwayo NuMA, ambayo seli inapogawanyika hupanga ncha za nyuzi zinazovuta kromosomu, na seli ikitulia hukaa kwenye kiini. Katika seli zinazoendelea kuongezeka, NuMA ilikuwa imetawanyika. Kadiri kifuko kilivyokomaa, ilikusanyika na kubadili mpangilio, hata ukionyeshwa kiini kimoja tu ungeweza kukisia tishu iko hatua gani.

Mpaka hapo unaweza kusema: sawa, kiini ni kivuli cha tishu. Lakini yeye aligeuza jaribio. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998, seli za vifuko vilivyokwisha kukomaa zilipenyezewa kingamwili inayoshika NuMA na kuvuruga mpangilio wake. Kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoifunga, ilijipanga upya, seli zilizokuwa zimetulia zikarudi kwenye mzunguko wa kugawanyika, na vimeng'enya vinavyokata protini vikaanza kuumega utando wa msingi ulioko nje. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niiache kahawa ipoe siku nilipolisoma. Aliguswa aliyeko chumbani, ukabomoka ukuta wa uani.

---

MwalimuBaiolojia alijibu:

Nimesoma kwa makini, na nashukuru kwa maelezo. Hata hivyo naona hatari ya mwanafunzi kutoka hapa akiamini kwamba mabadiliko ya DNA hayana uzito, na kwamba saratani ni suala la malezi tu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jeni za BRCA1 na BRCA2 zinarithiwa, na wanawake wanaozibeba zikiwa na kasoro wana hatari kubwa zaidi maishani. Jeni ya TP53 huharibika katika saratani nyingi za matiti. Jeni ya HER2 huongezeka nakala, nasi tunazihesabu ndani ya kiini kama vinukta vinavyong'aa, na dawa ya trastuzumabu hulenga protini yake. Hayo yote ni DNA. Mpangilio wa kiini utaingia wapi?

Vilevile, jaribio la kingamwili lilifanywa kwenye sahani. Seli kurudi kwenye mzunguko si sawa na seli kuwa saratani.

---

SeliNaTishu alijibu:

Mwalimu, hoja yako ya mwisho ni ya haki, nami naikubali yote: kuvuruga NuMA hakukutengeneza saratani. Kulichoonyesha ni kwamba mawasiliano yanaenda pande zote mbili, na kwa hiyo neno "kivuli" halitoshi.

Kuhusu DNA, hakuna anayezikana hizo jeni. Swali ni kama mabadiliko hayo yanatosha peke yake kuamua seli itafanya nini. Kutokana na S1 ilipatikana nasaba nyingine, T4-2, ambayo ni saratani kamili: ikipandikizwa kwa panya asiye na kinga inaota uvimbe, na kwenye ute wa laminini haiundi kifuko bali fundo lisilo na mpangilio. Mwaka 1997 Valerie Weaver na wenzake, katika maabara ileile ya Berkeley, walizitilia seli za T4-2 kingamwili inayozuia integrini ya beta-1, ambayo zilikuwa nayo kupita kiasi. Seli hizo, zikiwa na kasoro zake zote za jeni na kromosomu, zilitulia, zikaunda vifuko, zikazungukwa tena na utando wa msingi, na uwezo wake wa kuotesha uvimbe kwa panya ukapungua sana. Kisha walizitenganisha na kuzipanda upya bila kingamwili, zikarudia usaratani wake kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kwangu mimi sentensi hiyo ya mwisho ina uzito sawa na iliyoitangulia. Kasoro za jeni hazikwenda popote. Zilinyamazishwa na muundo, na muundo ulipoondoka zilisema tena. Kwa hiyo methali yako, Mwalimu, ni nusu tu ya habari, kwa maana hapa mtoto naye hubomoa nyumba inayomlea.

Wala sitaki niuze mpangilio wa kiini kwa bei isiyo yake. Karen Meaburn na Tom Misteli, Marekani, walipima mahali zilipo jeni mbalimbali ndani ya kiini cha seli za titi. Mwaka 2008 walionyesha kwamba baadhi ya jeni huhama mapema, seli zinapoanza kuelekea usaratani, lakini kuhama huko hakukuendana na jeni kufanya kazi zaidi au kupungua. Mwaka 2009 walipima katika tishu za wagonjwa na kukuta kwamba jeni kadhaa, HES5 ikiwa ya kutajwa zaidi, huwa mahali tofauti katika saratani kuliko katika tishu isiyo na saratani, kiasi kwamba mahali penyewe panaweza kutumika kama alama ya ugonjwa. Hapo inaonekana kwamba mpangilio mwingine ni sababu, mwingine ni matokeo, na mwingine huenda umehamishwa tu na vurugu za jirani. Anayetaka jibu moja kwa yote hatalipata.

Lamini nazo zina kesi yake. Kiini ndicho kitu kikubwa na kigumu kuliko vyote ndani ya seli, na seli ya saratani inayotaka kupenya kati ya nyuzi za tishu kwenda kwenye mshipa hukwama mahali pamoja tu, kiunoni, kwenye kiini. Wavu wa lamini A ukiwa mwembamba, kiini hulegea na kupita. Na lamini A hiyo mara nyingi hupungua katika saratani za matiti. Lakini kiini kikibanwa sana ukuta wake hupasuka, na mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kupasuka huko huifanya DNA ikatike, ingawa seli huushona ukuta baada ya muda mfupi. Mwalimu, hapo umbo la kiini linazaa mabadiliko ya DNA, na sio kinyume chake. Zile kingo zilizobonyea ambazo FundiMaabara aliziona zinaweza kuwa na historia ya namna hiyo nyuma yake.

---

BintiWaTanga alijibu:

Shikamoo daktari, na samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Majibu ya mama yangu yameandikwa "daraja la 3", na shangazi ametuambia maana yake saratani imekwisha kusambaa mwili mzima. Baada ya kusoma habari za viini kuharibika nimezidi kuogopa. Je, ndivyo?

---

PatholojiaWaZamani alijibu:

Marahaba mwanangu, na poleni sana wewe na mama. Hapana, sivyo, na naomba umweleze shangazi kwa upole. Daraja na hatua ni vitu viwili. Daraja ni jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini, yale yote tuliyokuwa tukiyazungumza hapa: vijitundu, viini, kugawanyika. Hatua ni uvimbe una ukubwa gani, umefika kwenye matezi ya kwapani au la, na umeonekana kwenye viungo vingine au la. Uvimbe wa daraja la 3 unaweza kuwa wa hatua ya 1. Daraja la juu linaashiria uvimbe unaokua kwa kasi, na ndiyo maana madaktari huharakisha, lakini uvimbe wa kasi mara nyingi ndio unaoitikia dawa za kemotherapi vizuri zaidi.

Katika karatasi hiyohiyo tafuta mstari wa vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2. Mistari hiyo mitatu itaamua matibabu kuliko neno "daraja", na kama haijaandikwa muulize daktari anayemtibu kipimo kimefikia wapi. Nenda naye siku ya kliniki, uchukue karatasi na kalamu.

Na kwa kuwa nimevitaja vipokezi, nimwongezee FundiMaabara jambo ambalo liko kwenye trei yake kila wiki. Rangi ya kahawia unayoipata kwenye kipimo cha estrojeni inakaa ndani ya kiini, kwa sababu kipokezi chenyewe hufanyia kazi humo, kikishika DNA. Hakiwezi kushika mahali palipofungwa. Kuna protini kama FOXA1 zinazotangulia kufungua kromatini ndipo kipokezi kipate pa kukaa. Katika titi lisilo na saratani, seli zenye kipokezi cha estrojeni kwa kawaida sio zile zinazogawanyika. Hupokea ujumbe na kuwapa jirani. Katika saratani unaweza kukuta seli moja ina kipokezi na inagawanyika yenyewe, imekuwa mjumbe na mtekelezaji. Ukipata nafasi, weka slaidi ya kipokezi kando ya ile ya Ki-67, protini inayoonyesha seli zinazogawanyika, kutoka kipande kimoja cha titi lisilo na saratani, uangalie zinavyokwepana.

---

FundiMaabara alijibu:

Nawashukuru wote, na dada BintiWaTanga, nakuombea mama apate nafuu.

Leo baada ya kazi nilirudi kwenye slaidi ya pili, daktari akaniruhusu. Safari hii sikutazama katikati ya uvimbe, nilikwenda pembeni, mahali saratani inapopakana na tishu nzima. Nikakuta mrija mmoja ambao nusu yake bado ina safu mbili na viini vile vya mtama, na nusu ya pili seli zimejaa hadi tundu limezibwa, viini vimevimba, ila mkanda wa nje bado umezizunguka zote. Daktari akasema hiyo ni saratani ambayo haijatoka nje ya mrija. Hatua chache pembeni yake mkanda haukuwepo tena na seli zilikuwa zimetawanyika kwenye mafuta. Nilichora kwenye daftari mahali pote patatu, kwa sababu hapo niliuona mfuatano ambao SeliNaTishu ameueleza kwa majaribio, ukiwa umelala kwenye kioo kimoja.

Kuhusu fomalini, nilipekua fomu za wiki nzima. Zote zina jina, umri na upande wa titi. Hakuna hata moja yenye saa ambayo kipande kilikatwa, wala saa kilipoingia kwenye chupa. Nimezungumza na muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, amekubali. Kuanzia Jumatatu fomu zitakuwa na mistari hiyo miwili, na nitapeleka chupa kubwa zaidi mwenyewe asubuhi.